Willie Nelson, vayolini na nafasi iliyobaki

Wapenzi wengi wa kantri Afrika Mashariki, na hasa Kenya ambako muziki huu umeota mizizi kuliko kwingineko, waliingilia mlango wa Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Hizo ni sauti laini zinazotua pale mapigo yanapotua. Mtu aliyezoea utulivu huo akimfungulia Willie Nelson kwa mara ya kwanza hudhani mzee amekosea. Mstari unaanza kwa kuchelewa, kisha maneno yanakimbizana kuwahi mwisho, na gitaa linalia kama limelegea nyuzi. Wengi huishia hapo, hasa kama wimbo wa kwanza kuwaangukia ni mmoja wa zile rekodi zake za miaka ya 1960 zilizofunikwa na vayolini.

Tatizo jingine ni wingi. Willie alizaliwa Abbott, Texas, mwaka 1933, albamu yake ya kwanza ikatoka 1962, na katika miaka ya 2020 bado anatoa albamu, mwaka mwingine mbili. Huwezi kuanza mwanzo ukaenda mpaka mwisho. Utachoka kabla hujafika 1970, na utakuwa umechoshwa na rekodi ambazo hazimwakilishi. Ninachopendekeza ni kuuliza swali moja kwa kila albamu: kati ya sauti yake na sikio lako wamesimama watu wangapi? Kadiri wanavyopungua, ndivyo rekodi inavyokuwa bora. Si kanuni isiyovunjika, ila kwa Willie inashika mara nyingi kuliko kwa mwimbaji mwingine yeyote wa rika lake wa Nashville, makao makuu ya kantri.

Kwanza hilo la mapigo, maana bila kulielewa mengine hayatakaa. Chukua "Funny How Time Slips Away" kutoka albamu yake ya kwanza, "...And Then I Wrote". Usisikilize maneno. Fuata besi, upige mguu: moja, mbili, tatu, nne. Mguu ukishatulia, sasa fuata sauti. Utasikia anaiacha "moja" ipite, anaingia baadaye, halafu anayabana maneno ya katikati ili ya mwisho yatue mahali pake, na wakati mwingine anafika mapema akawa anaisubiri bendi. Bendi haitikisiki. Ndiyo siri yenyewe: uhuru wa mwimbaji unategemea wapigaji wasiomfuata. Mpiga ngoma akianza kumsubiri Willie, wimbo unasambaratika, na hivyo ndivyo zinavyoharibika nyimbo zake mikononi mwa bendi za hotelini. Mtindo huu aliuchota zaidi kwa waimbaji wa jazi na kwa Frank Sinatra kuliko kwa majirani zake wa kantri.

Kordi nazo zilikuwa ngeni mtaani. Wimbo wa kantri wa wakati ule uliweza kuishi maisha yake yote kwa kordi tatu. Kwenye ufunguo wa C hizo ni C, F na G. Sasa tazama "Crazy", alioutunga yeye. Ukiupiga kwenye C unaanza na C, unaruka kwenda A7, unashuka Dm, ndipo unafika G7. Ile A7 ndiyo inayowaponza wanaojifunza: wanapiga A minor kwa mazoea, na utamu wote unatoka, kwa sababu noti ya C-sharp iliyomo kwenye A7 ndiyo inayousukuma wimbo kuelekea Dm.

Mwimbaji Patsy Cline aliingia studio ya Owen Bradley mjini Nashville kuurekodi wimbo huo tarehe 21 Agosti 1961, akiwa bado anauguza majeraha ya ajali ya gari ya Juni mwaka ule. Mbavu zilimuuma kiasi kwamba noti za juu hazikutoka. Bendi ikarekodi sehemu yake, naye akarudi wiki kadhaa baadaye kuweka sauti. Tatizo la kwanza lakini lilikuwa kanda ya majaribio ya Willie mwenyewe, yenye ule mtindo wa kuingia kwa kuchelewa ambao Cline hakuona sababu ya kuufuata. Alichofanya ni kuunyoosha: mistari yake inatua karibu zaidi na mapigo, na huzuni anaiweka kwenye mvuto wa sauti. Kanda za majaribio za Willie za enzi hizo zilitolewa rasmi mwaka 2003 kwa jina "Crazy: The Demo Sessions". Ziweke rekodi hizo mbili pamoja, usikilize wa Cline kwanza na wa Willie baadaye. Dakika sita hivi, na utamwelewa mtunzi kuliko kwa kusoma wasifu wowote.

Mwaka huohuo wa 1961 mwimbaji Faron Young aliufikisha "Hello Walls" namba moja kwenye chati ya kantri na kuukalisha hapo wiki tisa. Wimbo ule Willie aliutunga akiwa mtunzi wa mshahara katika kampuni ya Pamper Music, na ujenzi wake ni wa fundi: mtu aliyeachwa anazungumza na ukuta, kisha dirisha, kisha dari, ubeti mmoja kila kimoja, basi. Kabla ya hapo, alipokuwa bado Houston akitafuta riziki, aliuza haki za "Family Bible" kwa dola 50 na za "Night Life" kwa dola 150. "Night Life" ulikuja kuimbwa na watu wasiohesabika. Wanaomsikitikia kwa biashara ile husahau kwamba mauzo hayo ndiyo yaliyompa ujasiri wa kwenda Nashville, maana yalimthibitishia kuwa nyimbo zake zina wanunuzi.

Nashville ilimkubali mtunzi, ikashindwa kumtumia mwimbaji. Kuanzia mwishoni mwa 1964 hadi 1972 alikuwa kampuni ya rekodi ya RCA, chini ya Chet Atkins, mpiga gitaa hodari na mtayarishaji aliyeheshimika sana. Utaratibu wa mji wakati ule ulikuwa huu: waimbaji huja studio bila bendi zao, wanakuta wapigaji wa kukodiwa, wanarekodi nyimbo tatu au nne katika kikao kimoja cha muda wa saa tatu, kisha siku nyingine wanaletwa wapiga vayolini na waitikiaji kupaka rangi juu. Kwa Jim Reeves mpango huo ulizaa dhahabu, kwa sababu sauti yake ilikuwa pana na ilisimama sawasawa kwenye mapigo. Vayolini zilijua pa kuegemea. Kwa Willie ulileta ajali. Aliyeandika sehemu za vayolini alizipangia kuingia kwenye mapigo, mwimbaji kishapita au bado hajafika. Wasikilizaji wa taarabu wanajua vayolini inavyongoja mwimbaji amalize mshororo ndipo ijibu. Za Nashville hazingoji. Zinaimba juu yake.

Ukitaka ushahidi, upo. Mwaka 2009 Mickey Raphael, mpiga harmonika wa Willie tangu miaka ya 1970, alizirudia kanda asilia za RCA na kuondoa vayolini na waitikiaji kwenye nyimbo 17 zilizorekodiwa kati ya 1966 na 1970. Albamu ikaitwa "Naked Willie". Kazi kama hiyo inawezekana tu pale sehemu zilizoongezwa baadaye zilipowekwa kwenye njia zake zenyewe za kanda. Vitu viwili vikishalala kwenye njia moja, havitenganishwi kirahisi. Na pale wanamuziki walipokaa chumba kimoja, maikrofoni ya mmoja hunasa kidogo cha mwenzake, ndiyo maana kwenye rekodi zilizosafishwa namna hii unaweza kusikia kama mzuka wa kitu kisichokuwapo tena. Chukua "The Party's Over". Sikiliza toleo la 1967, halafu la 2009. Sauti ni ileile, siku ileile, pumzi ileile. Kwenye la pili unasikia kwamba bendi ndogo iliyokuwa chini ya lile zulia ilikuwa inapiga vizuri tangu awali.

Katika rekodi za RCA kama zilivyotoka, mbili zinatosha. "Country Willie: His Own Songs" ya 1965, ambamo anarudia nyimbo zake mwenyewe kabla mambo hayajazidi kupambwa, na "Yesterday's Wine" ya 1971, inayomfuata mtu tangu kuzaliwa mpaka mazishi yake, moja ya albamu za mwanzo za kantri kusimulia kisa kimoja kwa urefu wake. Hiyo ya pili inaanza kwa mazungumzo ya kiroho yanayowafukuza watu wengi kabla ya dakika mbili kupita. Vumilia. Mle ndani mna "Me and Paul", wimbo kuhusu safari zake na mpiga ngoma wake Paul English, ambao hauna hata neno moja la ziada.

Gitaa linahitaji aya zake. Jina lake Trigger, kwa jina la farasi wa mwigizaji Roy Rogers. Ni Martin N-20, gitaa la nyuzi za nailoni, aliloletewa mwaka 1969 kwa dola 750 bila kuliona, baada ya mlevi kulikanyaga gitaa lake la Baldwin huko Helotes, Texas. Fundi Shot Jackson wa Nashville alikitoa kile kinasa sauti cha Baldwin, aina ya Prismatone, akakihamishia kwenye Martin. Kwa hiyo unachosikia kwenye rekodi ni mchanganyiko usio wa kawaida: mbao na nyuzi za gitaa la klasiki, kinasa sauti kilichofichwa darajani, pale nyuzi zinapofungwa usoni mwa gitaa, na amplifaya ya Baldwin. Sauti ya nailoni hufa haraka kuliko ya chuma, basi noti zake ni fupi na zina kama mgongano wa mbao ndani yake. Anapopiga solo, anamfuata Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa Ulaya wa jamii ya Waroma aliyepiga jazi kwa vidole viwili vizima vya mkono wa kushoto.

Lile tundu kubwa chini ya tundu la sauti limetokana na kosa la matumizi, kama ni haki kuliita kosa. Magitaa ya klasiki hutengenezwa kupigwa kwa kucha na vidole, kwa hiyo hayana kile kibao cha kukinga uso. Willie hupiga kwa plektra, kile kipande kidogo kigumu cha kukwanyulia nyuzi. Uso wa gitaa ni wa mbao ya msprusi, nayo ni laini. Miaka ikapita, plektra na vidole vikala mbao mpaka zikatoboka. Mark Erlewine, fundi wa Austin, ndiye aliyelishughulikia kwa miongo mingi: kuimarisha mbao za ndani zinazoshikilia uso na kulipaka vanishi ili lisiendelee kulika. Tundu halijaua sauti kwa sababu lipo mahali ambapo mbao za kuimarisha bado zinafanya kazi, na sehemu kubwa ya sauti jukwaani inatoka kwenye kinasa cha darajani.

Kwa wanaotaka kuikaribia sauti hiyo nyumbani: tafuta gitaa la nailoni, tumia plektra nene, na upige karibu na daraja unapotaka makali. Usitie nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Naliona jambo hili kila mahali, magitaa ya bei nafuu yamefungwa nyuzi za chuma kwa sababu ndizo zilizopo dukani. Mvutano wa nyuzi za chuma ni mkubwa zaidi, na gitaa la klasiki kwa kawaida halina chuma shingoni cha kuuzuia. Kwanza shingo inapinda, nyuzi zinainuka juu ya ubao wa vidole, kisha siku moja daraja linang'oka na kipande cha uso.

Sasa zile albamu zenyewe. Baada ya RCA, Willie alirudi Texas, akaishi Austin, na mwaka 1973 akasaini na Atlantic, lebo ya New York iliyojulikana kwa muziki wa soul. Jerry Wexler, mmoja wa wakubwa wa Atlantic, alimruhusu kitu ambacho Nashville ilimnyima: kuja studio na watu wake. "Shotgun Willie" ilitoka mwaka huo. Mwaka uliofuata ikaja "Phases and Stages", iliyorekodiwa Muscle Shoals, Alabama, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wanaoisikiliza kwenye simu huikosa nusu yake. Albamu ni kisa cha ndoa iliyovunjika. Upande wa kwanza wa santuri ni wa mke: anaosha vyombo, anaondoka, anarudi kwao, anaanza kwenda baa, anahofia kupenda tena. Upande wa pili ni wa mume, na unaanza kwa "Bloody Mary Morning", mtu kwenye ndege asubuhi akinywa. Kwenye santuri unainuka, unaigeuza, na ule ukimya wa kugeuza ndio mpaka wa wahusika. Kwenye simu mke na mume wanashikana bila pumzi, na msikilizaji asiyejua hudhani ni mtu mmoja anayebadilika tabia. Dawa ni ndogo: simamisha kabla ya "Bloody Mary Morning", kaa dakika moja, endelea. Katika upande huo wa mume upo "I Still Can't Believe You're Gone", uliotungwa baada ya mke wa Paul English kufariki. Kwa masikio yangu hakuna sauti aliyowahi kurekodi iliyo wazi kuliko hiyo.

Atlantic ilifunga idara yake ya kantri mwaka 1974. Willie akahamia Columbia kwa mkataba uliomwachia uamuzi wa kisanii, na albamu ya kwanza chini ya mkataba huo ndiyo "Red Headed Stranger" ya 1975. Alirekodi Garland, karibu na Dallas, katika studio ya Autumn Sound, kwa siku chache na kwa pesa kidogo mno. Walioko ni gitaa, piano ya dada yake Bobbie, harmonika ya Raphael, besi ya Bee Spears, gitaa la Jody Payne, ngoma za English, na mara nyingi wengi wao wamenyamaza. Wakubwa wa Columbia walipoipokea waliiona kama kanda ya majaribio inayongoja kumaliziwa. Mkataba ukawazuia kuigusa.

Kisa kinatokana na wimbo wa miaka ya 1950 ambao Willie aliupiga redioni alipokuwa mtangazaji Fort Worth na kuwaimbia wanawe. Mhubiri anaachwa na mkewe, anawafuma wawili hao, anawaua, kisha anazurura na farasi wawili, mmoja amempanda, mwingine anamwongoza kwa kamba. Wa pili ndiye kumbukumbu ya mke. Mwanamke mgeni anayemgusa farasi huyo anauawa. Sasa sikiliza kazi ya vyombo. "Time of the Preacher" unafungua, halafu tuni yake inarudi kwa vipande vifupi katikati ya nyimbo nyingine, kila mara kisa kinapohama. Ni gundi. Ukiiweka albamu kwenye mpangilio wa kuchanganya nyimbo, vile vipande vya nusu dakika vinageuka takataka na kisa kinakufa. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili linatoka kwa lebo: toleo la CD la mwaka 2000 liliongezewa nyimbo nne mwishoni, na matoleo mengi ya mtandaoni yamefuata hilo. Albamu ya 1975 inaishia "Bandera", muziki mtupu bila maneno. Zima hapo.

Na "Blue Eyes Crying in the Rain", uliompa namba moja yake ya kwanza kwenye chati ya kantri kama mwimbaji, hakuutunga yeye. Ni wa Fred Rose, na Roy Acuff aliuimba miaka ya 1940. Hesabu vilivyomo: gitaa linalotembea, sauti, na vingine vinavyoingia taratibu kama wageni wanaobisha hodi. Mtunzi aliyeuzia wenzake nyimbo kwa miaka mingi alipata jina kubwa kwa wimbo wa mtu mwingine, kwa sababu safari hii hakuna aliyesimama mbele ya sauti yake.

"Stardust" ya 1978 ilienda mbali zaidi kwenye njia hiyo: nyimbo kumi za zamani za Marekani, hakuna hata moja yake. Mtayarishaji alikuwa Booker T. Jones, mpiga ogani wa soul kutoka Memphis, jirani yake huko Malibu. Columbia ikalalamika tena, albamu ikakaa kwenye chati ya kantri kwa takriban miaka kumi. Humu vayolini zimo, na ndipo kanuni yangu inapopindishwa. Jones alizipanga chini sana na kwa noti ndefu, zisizodai mapigo, zikamwachia Willie nafasi ya kuchelewa atakavyo. Sikiliza "Georgia on My Mind" kwa vipokea sauti vya masikioni, ukifuata vayolini peke yake. Kumbe kosa la RCA halikuwa kuwa na vayolini, lilikuwa mwandishi aliyezipanga bila kumsikiliza mwimbaji.

Miaka ya 1980 nitaipita mbio. "On the Road Again" aliuandika maneno yake ndani ya ndege, kwenye mfuko wa kutapikia, kwa ajili ya filamu ya 1980. "Always on My Mind" ya 1982 iliuza sana, ila utayarishaji wa Chips Moman umezeeka vibaya kwenye nusu ya albamu. "Pancho and Lefty" ya 1983 pamoja na Merle Haggard ina wimbo mmoja mkubwa, wa mtunzi Townes Van Zandt. Haggard aliamshwa usiku wa manane kuja kuimba ubeti wake, na uchovu unaousikia ni uchovu kweli. Baada ya hapo albamu za kushirikiana zinafuatana bila kikomo, na nyingi zinaweza kukaa zilipo.

Novemba 1990 serikali ya Marekani ilikamata mali zake kwa deni la kodi lililotajwa kuwa dola milioni 16.7. Gitaa lilishafichwa. Sehemu ya mpango wa kulipa ilikuwa albamu ya sauti na gitaa tu, "The IRS Tapes: Who'll Buy My Memories?", iliyouzwa kwanza kwa simu. Ni ajabu kwamba mojawapo ya rekodi zake safi kuliko zote inatokana na mamlaka ya kodi. Nyimbo ni zake za zamani, hakuna ngoma, hakuna besi, kwa hiyo hakuna mapigo ya kupima ucheleweshaji wake. Inabidi usikie dole gumba lake linavyoshika saa huku mdomo ukienda zake. Usianze nayo. Ifikie baada ya kuzoea.

Inayofuatana nayo vizuri ni "Spirit" ya 1996: Willie, Bobbie kwenye piano, Payne kwenye gitaa la pili na Johnny Gimble kwenye fidla. Watu wanne. Nyimbo zote zake, na ukiniambia nichague albamu moja ya baada ya 1978, ni hii. Miaka miwili baadaye mtayarishaji Daniel Lanois alimweka ndani ya jumba la zamani la sinema huko Oxnard, California, akamzungushia ngoma nyingi na sauti ya Emmylou Harris, wakarudia baadhi ya nyimbo za miaka ya 1960. Albamu ni "Teatro". Inafaa kwa zoezi: chukua "Darkness on the Face of the Earth" ya 1962, ya 1965, na ya 1998. Ya kwanza inadunda kama wimbo wa dansi, ya pili ina adabu za Nashville, ya tatu inakimbia juu ya ngoma kama treni ya usiku. Wimbo ni uleule, unaomhusu mtu aliyezimikiwa na jua na mwezi siku alipoachwa.

Tahadhari kwa wanunuzi, iwe ni CD za mitumba au orodha za mtandaoni. Zile kanda za majaribio za mwanzo wa miaka ya 1960 zimeuzwa na kuuzwa tena na lebo ndogo kwa majina na majalada tofauti, mara nyingi na picha ya Willie mwenye ndevu na misuko ya nywele, ilhali siku za rekodi zile alikuwa amenyolewa vizuri na kuvaa suti. Jalada likionyesha mzee, nyimbo zikiwa "Night Life", "Hello Walls" na wenzake, na mwaka wa kurekodi haujaandikwa popote, shuku. Si rekodi mbaya, ila utainunua ileile mara tatu. Ukitaka mkusanyiko, "Greatest Hits (& Some That Will Be)" ya Columbia, 1981, ni halali na imechaguliwa kwa akili.

Rekodi za uzee zina utaratibu wake. Kuanzia "Heroes" ya 2012 mtayarishaji mkuu amekuwa Buddy Cannon, ambaye pia hutunga naye, mara nyingi kwa kutumiana mistari kwa simu. Kwa kawaida Cannon hurekodi bendi Nashville, kisha Willie anaweka sauti na gitaa kwenye studio yake ya Pedernales, nje ya Austin. Matokeo ni safi, lakini bendi haimsikii anapochelewa na yeye hawezi kuichokoza. "God's Problem Child" ya 2017 na "Last Man Standing" ya 2018 zinapona kwa utunzi: mzee wa miaka 84 anaandika kuhusu vifo vya marafiki kwa mzaha ambao vijana wasingethubutu. Sauti imefupika. Pumzi haifiki mwisho wa mstari, basi anaukata mapema, na kwa kuwa alishakuwa akikata mistari tangu 1961, kasoro inafanana na mtindo.

Novemba 2024 alitoa "Last Leaf on the Tree", safari hii mtayarishaji akiwa mwanawe Micah, aliyepiga sehemu kubwa ya vyombo mwenyewe. Nyimbo nyingi ni za watu wengine, lakini kuna "The Ghost", aliyoirekodi RCA, ikatoka 1967 na vikorombwezo vyote vya wakati ule. Ipo pia kwenye "Naked Willie". Zipange hizo tatu kwa miaka, 1967, 2009, 2024, na kwenye hiyo ya mwisho angalia anavyoanza mstari wa kwanza: bado anaiacha "moja" ipite.